Jembe, Jogoo, Panga na Yatima: Miaka Yangu ya Kuuza Magitaa Mbeya na Ipogolo

Mama yangu anasema mtu wa miaka ishirini na nane hastaafu, anaacha kazi. Nimelifikiria sana neno lake, kama ninavyofikiria kila kitu, na bado naona nimestaafu. Nimekabidhi funguo za duka. Nimekula keki ya kuagwa iliyoandikwa jina la mtu mwingine, na sikusema kitu, nikihofia huenda huyo mtu naye anaagwa siku hiyo hiyo. Mwezi ujao naanza kufundisha hisabati sekondari, kazi ambayo nyuzi zake ni za kupimia pembe tu.

Nawaandikia ninyi wawili mliochukua nafasi yangu, mmoja duka la Mbeya na mwingine tawi la Ipogolo, kule Iringa. Habari za mshahara na cheo sitaziandika. Mshahara mtaujua wenyewe, na cheo hakipo. Nitaandika yale ambayo ningependa mtu aniambie siku ya kwanza, kabla sijaanza kutetemeka.

Siku hiyo ya kwanza nilifika dukani na cheti changu cha shahada ya takwimu ndani ya bahasha ya plastiki. Asubuhi ilikuwa na ukungu, baridi ya Mbeya mnaijua, na mwenye duka, Kaka Ambakisye, alikuwa amevaa sweta mbili na kofia ya sufu huku akinywa chai. Ndiye mwenye mali na ndiye fundi. Cheti hakukitazama.

"Unapiga gitaa?" akaniuliza.

"Hapana, ila naweza kujifunza, tena nilipokuwa chuo nilisoma pia..."

"Safi. Anayepiga huwa hauzi. Anakaa anapiga." Akasukuma katoni kwa mguu. "Fungua hilo."

Nilichukua muda mrefu kufungua katoni ile kwa sababu niliogopa kuichana. Ndani kulikuwa na gitaa la umeme, jipya, limefunikwa nailoni nyembamba kifuani. Akaniambia nilishike, nibonyeze uzi mmoja katikati ya shingo. Nikabonyeza. Uzi ulikuwa juu kama waya wa kuanikia nguo. Kidole kiliniuma.

"Gitaa zuri au baya?" akauliza.

"Baya," nikasema, halafu haraka nikaongeza, "au labda kidole changu."

Akalichukua, akaketi nalo mezani. Kwanza akabandua ile nailoni. Akashusha nyuzi kwa bisibisi, akapitisha tupa ndogo kwenye ncha za freti, vile vyuma vinavyokatiza shingo, akaingiza ufunguo wa pembe sita pale kichwani na kuzungusha kidogo sana chuma kilichopita ndani ya shingo. Alipomaliza chai ilikuwa imepoa. Akanirudishia. Nikabonyeza uzi ule ule, ukalala chini ya kidole bila ubishi.

"Sasa zuri au baya?"

Hiyo kazi sisi tunaiita kuamsha. Gitaa linatoka kiwandani limelala. Limefungwa na watu walio kwenye joto na unyevu wa kwao, limesafiri kwenye meli na lori, na wamelifunga nyuzi juu makusudi ili zisigonge freti mbao zikipinda njiani. Mteja akilishika likiwa bado limelala atasema kampuni fulani ni mbovu, na kampuni haina kosa. Sheria ya kwanza ya duka letu ni hiyo: usilinganishe magitaa yaliyolala.

Niliielewa sheria hiyo kwa shida, kwa sababu mimi nilikuja na ugonjwa wa kulinganisha. Wiki ile ile nilianza kuyapa alama kwenye kompyuta: wepesi wa kupiga, ubora wa utengenezaji, na thamani ukilinganisha na bei. Majina ya kampuni siyaandiki hapa, mawakala wana maneno na mimi nina wasiwasi wa kunitosha. Nitatumia majina ya dukani, ambayo mtayasikia kutoka kwa Kaka Ambakisye kila siku.

Jogoo ni lile lenye kichwa kilichojikunja kama kishungi cha jogoo. Ni jepesi, shingo yake imefungwa kwa skrubu nne, ikipinda unaifungua na kuirekebisha. Sauti yake ni safi, inalia kama kengele, na kwaya zinalipenda kwa solo. Kuna Jogoo mkubwa, anayetengenezwa kwenye nchi ya kampuni yenyewe, na Jogoo mdogo anayetengenezwa Asia. Tofauti yao ya bei ni kubwa. Tofauti yao mkononi, wote wawili wakiwa wameamshwa, ni ndogo kuliko wateja wanavyopenda kuamini.

Jembe ni zito. Shingo imegundishwa mwilini, mbao ni nene, sauti ni nzito na tamu, na kazi ya rangi inapendeza kuliko yote. Lakini likianguka kwa mgongo linapasuka pale kichwa kinapoungana na shingo, na mpigaji anayesimama nalo ibada nzima anashuka bega moja liko chini ya lingine.

Panga lina shingo nyembamba na bapa, vidole vinateleza wenyewe. Kwa wepesi wa kupiga sijaona mfano wake. Tatizo ni pembe. Mwili wake una pembe mbili ndefu zilizochongoka, na wazee wa kanisa wanazitazama vibaya. Kuna kwaya iliturudishia Panga jekundu baada ya Jumapili moja tu, wakasema linapiga vizuri ila linawatazama.

Na Yatima ni lile lisilo na jina kichwani. Linakuja kwenye makatoni kutoka Dar, leo lina rangi hii, kesho ile. Masikio yake ya kukazia nyuzi yanalegea, ncha za freti zinakwaruza. Ila niliona jambo lililoniharibia hesabu zangu zote: Yatima lililoamshwa vizuri linapigika kuliko Jembe lililolala.

Hesabu zenyewe zilikuwa zinabadilika. Asubuhi Jogoo anapata alama nane, mchana anapata sita, kesho yake tena nane. Nilidhani nimeanza kuchanganyikiwa. Kaka Ambakisye alicheka mpaka akavua kofia. "Wewe unapima hali ya hewa," akasema. Baadaye nilikuja kugundua kuwa ilikuwa kweli tupu: mbao zinavuta unyevu wa asubuhi na kuutoa mchana. Msidhani yeye hakosei, lakini. Jembe alilipa alama kumi kila mahali kwa sababu analo nyumbani.

"Na uzito?" nikamwuliza.

"Uzito ni ubora."

"Kwa hiyo jiwe je?"

"Jiwe halina pikapu ya kunasa sauti, binti. Endelea na kazi."

Tulibishana hivyo miaka yote na sikumbuki aliyewahi kushinda. Wateja nao walikuwa na hesabu zao. Kijana mmoja wa Mwanjelwa alichagua gitaa linaloendana na viatu vyake. Alikuja amevivaa, vya kijani. Nilimweleza habari za shingo na freti kwa kirefu, akanisikiliza kwa heshima zote, kisha akauliza kama lipo la kijani zaidi. Msikasirike na watu wa namna hiyo. Yule bado anapiga, na anapiga vizuri.

Tawi la Ipogolo lilipofunguliwa, mimi ndiye niliyepelekwa. Duka lenyewe ni chumba kimoja kando ya barabara kuu, malori yakipita vioo vinatetemeka na magitaa yote ukutani yanaitika kwa sauti ndogo. Niliogopa mambo mawili: kwamba hakuna mteja atakayekuja, na kwamba watakuja.

Kesi ngumu kuliko zote nilizowahi kupata iliingia pale yenyewe, imevaa kitenge na kandambili.

"Kamwene, dada."

"Kamwene, mama. Karibu." Ndilo neno pekee la Kihehe nililolijua, nikabaki nikiomba asiendelee.

Hakuendelea. Aliketi kwenye kigoda, akanyoosha mkono wa kushoto juu ya meza. Vidole vitatu vilikuwa na plasta.

"Nataka uniambie kama nimezeeka," akasema.

Nilimtazama. Umri wake ulikuwa kama wa mama mdogo wangu. Nikaanza kupanga jibu lisilomuudhi, lakini akanikatiza.

"Si sura, dada. Masikio. Nipe gitaa lolote, nipige. Wewe una kile kidude cha kupimia sauti. Sauti yangu ikipanda au ikishuka, niambie. Usinionee huruma."

Nikampa Yatima, ndilo lililokuwa karibu. Akalikaza nyuzi kwa sikio tu. Kisha akapiga. Jamani. Nilikuwa nimesikia wapigaji wengi dukani, wengi wao wakipiga vile vipande vitatu ambavyo kila mtu hupiga dukani, lakini mama huyu alipiga kama mtu anayesimulia habari za jirani, kwa furaha na umbea kidogo. Kidude changu hakikuhama katikati. Nikampa Jogoo, kisha Panga, kisha Jembe letu la dukani. Kote sauti ilikaa palepale inapotakiwa.

"Iko sawa, mama. Yote."

Hakutabasamu. Alilaza Jembe mapajani, akavuta pumzi. "Basi sijazeeka," akasema taratibu, kama mtu aliyekuwa ameshajiandaa kwa jibu jingine.

Ndipo akanieleza. Jina lake Veronika, ila wote humwita Mama Upendo. Alizaliwa pale Ipogolo na alikuwa amekuja kumwona mama yake, lakini ameolewa Makongolosi, kule kwenye machimbo ya dhahabu wilaya ya Chunya, na tangu afike huko ndiye mpiga solo wa kwaya ya usharika wao. Mwaka uliopita Mzee Simbeye, mchimbaji mdogo aliyechimba miaka bila kuona kitu, akakutana na mwamba uliomlipa. Kwa shukrani akanunua gitaa, Jembe la rangi ya dhahabu, akalitoa kanisani. Likawekwa wakfu mbele ya watu wote. Tangu siku hiyo Mama Upendo hapigi likasikika sawa. Kila akipanda juu ya shingo sauti inazidi kidogo, kwaya inasikika kama imeachana na gitaa njiani. Na vidole vinachanika.

"Jubilei ya kwaya inakuja," akasema. "Mwenyekiti amesema nisipokaa sawa kabla ya siku hiyo, solo itapigwa na kinanda. Kinanda kina sauti ya gitaa humo ndani. Mimi nitasimama mstari wa sauti ya pili, kama vile sijawahi kushika chochote." Akavuta plasta moja iliyokuwa imeanza kubanduka. "Wanasema masikio ya Mama Upendo yamechoka. Na mimi nilikuwa nimeshaanza kuwaamini, dada. Hilo ndilo lililonitisha."

"Hilo gitaa limeamshwa?" nikauliza.

"Limewekwa wakfu."

"Namaanisha, fundi amelishika?"

"Hashiki mtu. Lipo vilevile lilivyotoka kwenye katoni. Hata nailoni ipo. Mzee Simbeye anaifuta kwa kitambaa kila Jumapili."

Nilisikia baridi mgongoni, na haikuwa ile ya Iringa. Mwaka mzima alikuwa akipiga gitaa lililolala. Uzi ukiwa juu namna ile, ukiubonyeza unauvuta, na ukiuvuta sauti inapanda. Masikio yake yalikuwa mazima. Yalikuwa yanasikia kosa ambalo mikono yake isingeweza kulirekebisha hata angejitahidi vipi.

Nikampigia simu Kaka Ambakisye, nikamsimulia yote.

"Muuzie Panga," akasema.

"Kaka, hawezi kuweka kando sadaka ya mtu. Na lile Panga lina pembe."

"Basi tuwape Jembe jingine la rangi ile ile, lililoamshwa. Tunabadilisha kimyakimya. Nani atajua?"

"Mungu."

"Haya," akasema. "Tutakwenda wenyewe."

Tulifika Makongolosi siku ya mazoezi, kwaya ikiwa na siku chache tu kabla ya jubilei. Kaka Ambakisye alivua sweta ya kwanza tulipoanza kuteremka kwenda Chunya na ya pili tulipofika mjini. Hewa kule ni kavu, ukilamba midomo inakauka kabla hujafunga mdomo. Nilijua nitakachokiona kabla sijakiona, na bado njia nzima nilikuwa nikijiuliza kama nimekosea na tutafukuzwa.

Mazoezi yalipokwisha tukaketi kwenye mabenchi ya mbele: mwenyekiti wa kwaya, ambaye ni mwalimu mstaafu mwenye sauti ya kuitisha mahudhurio, wazee wawili wa kanisa, Mama Upendo, na Mzee Simbeye, mtu mfupi mwenye mikono mikubwa, kofia yake ameiweka gotini. Gitaa lilikuwa limeketi kwenye kiti chake, limefunikwa kitambaa cha kufuma kwa mkono, kama redio ya bibi.

Mwenyekiti alitueleza kwa nini haligusiki. Gitaa lao la zamani lilipelekwa kwa fundi mmoja, likarudi na pikapu za bandia na masikio ya plastiki. Fundi akahama mji. Ndipo wakapitisha azimio: gitaa likishawekwa wakfu, chuma cha fundi hakiligusi. Nilitaka kupinga, lakini moyoni nilikubaliana nao. Ningekuwa mzee wa kanisa ningepitisha azimio hilo hilo, na pengine ningeongeza vipengele.

"Naomba kulitazama kwa macho tu," nikasema.

Wakalifunua. Nikapitisha kidole pembeni mwa shingo. Ncha za freti zilikuwa zimechomoza kama meno ya msumeno. Mbao zimekauka zikanywea, chuma hakinywei.

"Kwa hiyo sadaka yangu ni mbovu," akasema Mzee Simbeye. Hakuinua sauti. Alikuwa anatazama kofia yake. "Semeni tu. Mnataka kunirudishia."

Hapo ndipo kila mtu alipoacha kujikuna. Kwa kawaida mtu akiniuliza swali namna hiyo natoa majibu sita kwa pamoja. Safari hii nilikuwa na jibu moja, nililolilinganisha kwa miaka.

"Mzee, shikamoo kwanza."

"Marahaba."

"Mimi nauza magitaa ya aina nne. Nimeyapima mpaka bosi wangu huyu amenichoka. Kwa utengenezaji, aina uliyonunua wewe ndiyo bora kuliko zote. Mbao nzuri, shingo nzuri, pikapu nzuri. Hukukosea. Ila lilitoka kiwandani limelala, na hakuna aliyeliamsha."

"Limelala? Mwaka mzima? Humu kanisani?"

"Si peke yake, mzee," akasema Mama Upendo. "Wapo wengine."

Mzee mmoja wa kanisa alicheka, akajifanya anakohoa. Mwenyekiti hakucheka. "Azimio ni azimio," akasema. "Chuma cha fundi hakiligusi."

Kaka Ambakisye alinitazama kwa macho ya kusema turudi nyumbani. Lakini mimi nikiwa na wasiwasi huwa nauliza maswali, siwezi kujizuia, na nilikuwa na wasiwasi mwingi.

"Nyuzi zikikatika, mwenyekiti, nani anabadilisha?"

"Mama Upendo mwenyewe."

"Na ile ncha ya uzi inayobaki anaikata na nini?"

"Na koleo."

"Koleo ni chuma."

"Ni koleo ya kanisa," akasema mwenyekiti kwa ukali kidogo. "Ipo kwenye sanduku la vifaa vya kanisa. Hiyo si ya fundi."

Akasikia alichokisema. Sote tulikisikia. Mzee wa kanisa aliyekuwa anakohoa akageukia mwenzake. "Kwa hiyo," akasema, "tupa ikiwa ya kanisa..."

"Na likitengenezwa humu humu, mbele yetu," akasema mwenzake, "kitu hakitoki."

Wakampigia mchungaji, aliyekuwa Chunya kwenye kikao, simu ikawekwa juu ya benchi ili sote tusikie. Akasikiliza mpaka mwisho. "Hilo halina ubaya," akasema. "Vifaa vikitolewa kwa kanisa, jioni nikirudi nitaviombea. Lakini kilichotolewa kimetolewa. Vibaki hapo."

"Vibaki?" akasema Kaka Ambakisye.

Tupa ile mtaisikia ikitajwa dukani. Ni ndogo, mpini wake umezungushiwa utepe mweusi, na hakuwahi kuniachia niishike, hata kwa kuipangusa. Aliitoa mfukoni pamoja na ufunguo wa pembe sita, akavitazama, akamtazama Mama Upendo na plasta zake. Kisha akaviweka juu ya benchi, karibu na simu.

"Ndaga," akashukuru mwenyekiti, aliyekuwa Mnyakyusa mwenzake, na hilo ndilo neno la kwanza laini nililomsikia akisema.

Kazi tuliifanya kesho yake asubuhi, mlango ukiwa wazi, wazee wameketi benchi la mbele. Mwenyekiti alikuwa amevuta kiti karibu mpaka Kaka Ambakisye alimwomba asogee apate mwanga. Kila skrubu ikitoka aliitaja. "Hiyo umeiweka wapi? Haya. Irudishe hapo hapo." Mimi nilishika kidude cha kupimia sauti na kusoma.

Kabla ya yote kulikuwa na nailoni. Hakuna aliyetaka kuigusa. Kaka Ambakisye akamsogezea Mzee Simbeye gitaa. Mzee alitafuta ukingo kwa ukucha, akavuta polepole, ikatoa ile sauti yake ya kuchanika. Chini yake rangi ilikuwa inang'aa mara mbili ya alivyoijua. Akacheka peke yake, akakunja nailoni vizuri, akaiweka mfukoni.

Kaka Ambakisye akashusha nyuzi. Akapitisha tupa pembeni mwa shingo, upande huu na upande ule, kwa pumzi moja. Akachimba kidogo tu pale kwenye mfupa wa kichwani nyuzi zinapopita. Akazungusha ufunguo, akaacha gitaa lipumzike, akazungusha tena kidogo. Akasogeza vile vipande vya chini vinavyobeba nyuzi, mimi nikisoma: "Iko juu. Bado juu. Hapo." Ufundi wote huo mnaujua. Ninachotaka mkumbuke ni kwamba hakuharakisha hata kidogo, wala hakumjibu mwenyekiti vibaya, na mwisho akamkabidhi Mama Upendo gitaa kwa mikono miwili.

Mama Upendo alikuwa amebandua plasta. Akabonyeza uzi juu kabisa ya shingo, pale palipokuwa panamtesa. Akaupiga mara moja. Sikuhitaji kusoma kidude.

Jumapili ya jubilei kanisa lilijaa mpaka nje kwenye madirisha. Mwenyekiti ni mtu wa tahadhari kama mimi, sikumlaumu: mpiga kinanda alikuwa ameambiwa akae tayari, solo ikipotea adake. Wimbo wa tatu ndio ulikuwa na kile kipande. Kwaya inanyamaza, gitaa linapanda peke yake kutoka chini hadi juu kabisa ya shingo, kisha kwaya inalipokea. Nilikuwa nimesimama karibu na mlango. Nilishika mkono wa Kaka Ambakisye bila kumwomba ruhusa, na nilijua kwa uhakika kabisa kwamba tumesahau kukaza skrubu fulani.

Kwaya ikanyamaza. Mama Upendo akaanza kupanda. Mpiga kinanda akaingiza naye vidole, chini chini, kumsindikiza, kama alivyoagizwa. Mwenyekiti, aliyekuwa anaongoza kwaya, alimsikiliza Mama Upendo kwa noti tano au sita, kichwa ameinamisha upande. Kisha, bila kugeuka, akanyoosha mkono wa kushoto kuelekea kwenye kinanda na kuufumba ngumi. Kinanda kikanyamaza. Likabaki gitaa peke yake, sauti moja juu ya nyingine, kila moja mahali pake, na lilipofika juu kabisa Mama Upendo akalishikilia pale muda mrefu kuliko wimbo unavyotaka, kwa sababu tu aliweza. Vigelegele vilianzia kwa wale wa madirishani. Kwaya ilichelewa kuingia. Walikuwa wamegeuka wote wanamtazama.

Baada ya ibada tulikuwa uani tunakula wali, mwenyekiti akaja na sahani yake akasimama mbele yangu.

"Wewe dada wa maswali," akasema. "Nyuzi za akiba mnazo?"

"Zipo, mwenyekiti. Seti moja inatosha kwa..."

"Moja ya nini? Leta nyingi." Akageuka kumtazama Mama Upendo, aliyekuwa amezungukwa na kina mama, vidole vyake vya kushoto vimeshika paja la kuku. "Huyu bado anapiga miaka."

"Na kinanda?" akauliza Kaka Ambakisye.

Mwenyekiti akatafuna, akafikiri.

"Kinanda kitapiga misibani," akasema, akaenda kuongeza mchuzi.